Donge la Nkungu Nililolitupa

Matiri, Jumapili alasiri

Mwanangu Imelda,

Umekwenda kumuaga Bibi Kresensia, na najua hatakuachia mapema. Mjukuu anayekwenda chuo lazima ale kwanza, aombewe, halafu ale tena. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa kibarazani na daftari la jumuiya, nimechana karatasi za katikati, na naamini nitasamehewa kwa kuwa katibu wa jumuiya ni mimi mwenyewe.

Mambo ya safari sitayaandika. Baba yako amekueleza habari za basi la Mbinga, la kuunganisha pale Songea, na namna ya kulinda begi. Amekueleza mara tatu na kesho ataeleza ya nne, wewe itikia tu. Sweta nimelitia ingawa unasema Morogoro ni joto, na ile lenzi yako ya kutazamia wadudu nimeiviringisha ndani ya soksi za shule. Mengine utayajua mwenyewe. Umetoka JKT juzi tu, umelishwa maharage miezi yote ile na ukarudi umenenepa, sina wasiwasi na kula kwako.

Ninachotaka kukuandikia ni jambo nililolifanya mwezi wa nane, wakati uko huko kambini. Hulijui. Nilitaka kukwambia kwa mdomo. Jumatano tulipokuwa tunapukuchua mahindi nikajikaza kabisa, nikasema, "Imelda, kuna kitu," na wakati huohuo ukaona siafu wanapita nyuma ya ghala. Ukaenda kuchuchumaa kule mpaka nikamaliza debe zima peke yangu. Nikaona kalamu ndiyo itakayoweza.

Lakini siwezi kuanzia mwezi wa nane, hutanielewa. Nianzie kwetu Liuli.

Wewe Liuli unaijua kama mahali pa likizo. Mimi nilizaliwa pale, na kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni siku za nkungu. Unawajua, umewaona na bibi yako wa kule, lakini sijawahi kukusimulia mimi, na sababu yake utaiona. Asubuhi unatoka nje unaona moshi umesimama juu ya ziwa, mweusi, mrefu, kama kuna kijiji kinaungua katikati ya maji. Kumbe si moshi. Ni vijidudu vidogo kuliko mbu, vimetoka majini vyote siku moja, mamilioni kwa mamilioni. Upepo ukiwaleta ufukweni, watoto wote tulitoka mbio na vikapu na sufuria zilizopakwa mafuta, tukizungusha hewani ili wagande. Ulitakiwa kufunga mdomo, maana ukicheka umekula wabichi. Na sisi tulikuwa hatuwezi kuacha kucheka. Jioni mama aliwakanda, akatengeneza madonge meusi ya ukubwa wa kiganja, akaanika. Donge moja likipikwa na nyanya na karanga za kusaga, watu wanane wanashiba ugali.

Nilipoolewa na baba yako nikaja huku juu milimani nikiwa na miaka ishirini. Nilikuwa sijui kahawa, sijui baridi, sijui kuchimba ngolo za kulimia mteremkoni. Mashimo yangu shambani yalikuwa yanakwenda upande, na shangazi zako walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ila ukiwa mgeni, kicheko kisicho na ubaya nacho kinachoma.

Mwezi wa tatu wa ndoa, mama yangu akanitumia mzigo kwa mtu aliyekuwa anapanda Mbinga. Dagaa, na chini ya dagaa, ndani ya majani ya mgomba, donge la nkungu. Nilifungua mzigo jikoni kwa mama mkwe wangu, Bibi Kresensia. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa shamba, lakini shangazi zako walikuwepo wawili. Mmoja akauliza hicho cheusi ni nini. Nikasema ni wadudu wa ziwani, mboga ya kwetu.

"Inzi?" akasema. "Mnakula inzi?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Na mimi nikacheka naye. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba nilicheka. Nikasema mama amezeeka, ametuma ya kuku. Halafu walipotoka nikalichukua lile donge nikalitupa chooni. Hata kuku sikuwapa. Yule mtu aliponiuliza amwambie nini mama atakaporudi Liuli, nikasema mwambie tumekula wote, wamefurahi sana.

Hawa watu waliocheka, mwanangu, mvua ya kwanza ikinyesha wanatoka na mabeseni kuwaokota kumbikumbi. Wanakaanga, wanakula kwa ugali, wanagombea wa mwisho. Mimi nilikaa katikati yao nikala kumbikumbi miaka yote hiyo na akili yangu haikuniambia neno. Nikaacha kusema Kinyasa mbele yenu. Ulipoanza kwenda likizo Liuli ukarudi unasimulia nkungu, nilikukataza kusimulia kwa Bibi Kresensia. Ulikuwa na miaka saba. Ukaniuliza kwa nini, nikasema kwa sababu nimesema. Unakumbuka? Mimi nakumbuka uso wako.

Halafu Mungu, ambaye nadhani anapenda utani, akanipa mtoto wa wadudu.

Sijui ilianza lini. Najua kwamba kufika darasa la pili hakuna kopo humu ndani nililofungua bila kusema sala fupi. Najua ile Jumapili ulipokuja kanisani na mbawakavu mwenye pembe ndani ya kiberiti, akatoka wakati wa mahubiri, akapanda mgongo wa shangazi yako, akafika kwenye kilemba, akasimama pale kama amepewa cheo. Watu wa nyuma walikuwa wanatetemeka mabega. Padri akasema tuendelee. Nilikufinya mpaka ukalia. Sasa nikilikumbuka nacheka peke yangu shambani, lakini siku ile nilichosikia ni sauti ya zamani jikoni ikisema inzi, inzi, na safari hii ilikuwa kwako.

Ya kopo la kimatira unayajua nusu. Ulikuwa kidato cha pili. Kimatira walikuwa wameingia kahawa yetu vibaya, wananyonya punje zikiwa changa, na baba yako alikuwa ameshajaza bomba la kupulizia dawa. Wewe ukawa umechuma majani yenye mayai ya kimatira, umeyatia kwenye kopo la maziwa, umefunika kwa kitambaa, umeliweka dirishani chumbani kwako. Niliingia kufagia. Niliona mayai ya adui yetu yanatunzwa ndani ya nyumba yangu kama vifaranga. Nikayamwaga motoni.

Uliporudi kutoka shule hukupiga kelele. Ulikaa pembeni ya meko ukasema polepole, "Mama, yale mayai yalikuwa yamegeuka rangi. Ndani hamkuwa na kimatira." Nikakwambia usinifundishe kazi. Ulichofanya baada ya hapo ndicho hujui kwamba nilikiona. Kesho yake alfajiri ulirudi shambani ukachuma majani mengine, na safari hii kopo ukalificha kwenye banda la mbuzi. Baba yako alikuwa anakusaidia kulificha. Siku chache baadaye nikawakuta wawili mmeinama pale, yeye amevaa miwani ya Bibi Kresensia, mnatazama vijinyigu vidogo kama punje za ulezi vinatoka kwenye mayai. Nyigu mama alikuwa ametaga ndani ya mayai ya kimatira, na watoto wake wamekula yaliyomo. Baba yako akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Mama Imelda, miaka yote nimekuwa nikiwapulizia dawa na hawa."

Aliacha mistari miwili ya juu bila dawa mwaka ule. Kahawa ya mistari ile haikuwa bora wala mbaya kuliko nyingine. Baba yako aliitazama kwa muda mrefu, akasema basi, mwaka kesho minne. Leo unajua ilipofika. Mimi sikukuomba radhi kwa lile kopo la kwanza. Nakuomba leo. Nimechelewa, najua.

Sasa mwezi wa nane.

Ulinipigia mara moja, kwa simu ya kuazima, unazungumza haraka kama unakimbizwa. Ukasema dirisha la maombi ya chuo linakaribia kufungwa, ulishajaza kabla ya kuondoka, imebaki kuthibitisha, niende steshenari Mbinga na namba yako ya mtihani na neno lako la siri. Chaguo la kwanza uhifadhi wa wanyamapori, ili baadaye ubobee wadudu. La pili misitu. La tatu ualimu wa sayansi, na hilo, ulisema, ni la kujazia nafasi tu. Nikasema sawa mwanangu.

Nilikwenda. Njiani nilikutana na mama mmoja wa jumuiya yetu, akaniuliza safari ya wapi, nikamwambia. Akauliza unakwenda kusomea nini. Nikasema wanyamapori. Akasema oh, tembo, simba. Nikasema hapana, hasa ni wadudu. Hakucheka kwa sauti. Alibana midomo tu, akasema, "Haya, Mungu ana mipango yake."

Nilitembea na ile midomo yake mpaka Mbinga mjini. Nilipokaa mbele ya yule dada wa steshenari, akafungua, akanisomea machaguo yako matatu, akauliza athibitishe. Nikamwambia bado. Nikamwambia ageuze. Ualimu upande juu, wanyamapori washuke chini.

Nilijiambia maneno mengi. Kwamba mwalimu anapata kazi popote. Kwamba wewe ni mtoto, hujui dunia. Kwamba ukiwa mwalimu utawatazama wadudu wako Jumamosi. Yote yale yalikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana yalinisaidia. Lakini mwanangu, niliyegeuza fomu yako hakuwa mama anayewaza kesho yako. Alikuwa yule bibi harusi wa miaka ishirini, bado anacheka jikoni na watu ili wasije wakamcheka.

Yule dada alibonyeza, akasema tayari, ila mpaka dirisha lifungwe unaweza kubadilisha. Nikamwambia hakutakuwa na haja.

Siku nne baadaye nikasikia kwamba bibi yako wa Liuli anaumwa malaria. Tulikuwa katikati ya kuchuma kahawa lakini baba yako aliniambia nenda. Nilimkuta ameshapata nafuu, amekaa nje, amekonda, anabishana na jirani. Nilipomsalimia hakuuliza habari zangu. Aliuliza, "Yule mtoto wangu wa wadudu, chuo amepata?"

Nikasema bado, majibu hayajatoka.

Akaanza kunisimulia mambo yako. Mambo ambayo mimi mama yako nilikuwa siyajui. Kwamba likizo zote ulizokwenda, mlikuwa mnakaa naye ufukweni unamuuliza nkungu wa utotoni kwake walikuwa wakitoka mwezi ukiwa namna gani, upepo gani, wengi kuliko sasa au wachache, na unaandika. Kwamba ulimwambia kule chini matopeni ziwani wanaishi wakiwa viluwiluwi, na samaki wanawala, na sisi tunawala samaki. Bibi yako hajui kusoma. Akaniambia, "Yule mtoto aliniuliza maswali kama vile mimi ndiye mwalimu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Aliingia ndani akatoka na donge, alikuwa amelitundika juu ya meko, limekauka vizuri. Akaniambia nipike. Nilikaa nalo mkononi. Nilikuwa sijalishika tangu siku ile. Nikashindwa, nikaanza kulia, mtu mzima mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, nikamwambia yote. Nikamwambia lile alilonitumia nilipoolewa nililitupa chooni, hakuna aliyekula, nilidanganya.

Aliendelea kuchambua mchele wake. Halafu akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Mngekula, ungeomba lingine."

Miaka yote ile alikuwa anajua, na kila nilipokwenda alinipokea, akanifungia dagaa, na hakuniwekea tena donge lolote chini yake. Mimi nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa ananistahi.

Nilipika. Tulikula wawili. Nilipomaliza kula nikamwambia na ya fomu. Hapo ndipo alipoacha kula. Akanitazama, akasema kwa Kinyasa maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi za jumuiya, kisha akaniuliza gari la kwanza la asubuhi linaondoka saa ngapi.

Niliondoka na gari hilo, na kifurushi cha donge lingine mapajani, mpaka Mbamba Bay, kutoka hapo mpaka Mbinga. Sikupita nyumbani. Nilifika steshenari nikakuta foleni nje na yule dada anawaambia watu mtandao umekata tangu asubuhi, na kwamba siku hiyo ndiyo ya mwisho. Mwanangu, nimewahi kuogopa. Nimewahi kukuzaa wewe kwa shida. Lakini ule woga wa kukaa kwenye benchi nje ya duka, unajua kabisa kwamba jambo likiharibika umeliharibu kwa mikono yako, huo sikuwa nimeuonja. Nilikaa pale bila kula mpaka alasiri. Nilisali, halafu nikaacha kusali kwa sababu nilikuwa namwomba Mungu afiche, nikaanza upya nikiomba atengeneze tu.

Mtandao ulirudi saa kumi na nusu. Dada alinikumbuka. Akageuza skrini nione mwenyewe, akasoma kwa sauti: wanyamapori, misitu, ualimu. Akauliza, "Mama, safari hii una uhakika?" Watu wa nyuma yangu walikuwa wanasikiliza wote. Nikasema, "Nina uhakika. Mwanangu anakwenda kusoma wadudu." Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliuliza kama unajua dawa ya fukusi wa mahindi. Nikamwambia akuulize ukirudi.

Kifurushi nacho nilifika nacho hapa. Kesho yake nikapika, nyanya na karanga, nikampelekea Bibi Kresensia kwenye bakuli lake. Alikula tonge tatu ndipo akauliza huyu ni samaki gani. Nikamwambia. Alitafuna, akameza, akanitazama. Akasema, "Miaka yote hii umekaa na kitu kitamu hivi na hukunipa?" Shangazi yako alikuwepo. Alijifanya hana njaa. Baadaye nilimwona anafuta bakuli kwa kidole.

Majibu yalipotoka ukaruka ukanikumbatia, ukaniambia, "Mama, umenithibitishia vizuri," nami nikapokea shukrani ambayo haikuwa yangu yote. Ndiyo maana nakuandikia. Si kwamba nataka unisifu kwa kurudi. Nataka ujue pia kwamba niligeuza.

Huko unakokwenda sijui kukoje, sijawahi kuingia chuo. Nadhani utakutana na watoto wa watu ambao watakuuliza unatoka wapi na mnakula nini, na siku moja utaona aibu, ya hapa, au ya Liuli, au yangu mimi. Sitakwambia usione. Mimi niliiona na sikuwa mtu mbaya. Nakuomba tu, ikikupata, uangalie ni nani anayelipishwa. Mimi nilimlipisha mama yangu kwanza, halafu nikakaribia kukulipisha wewe, na nyote wawili mlikuwa hamjanikosea kitu.

Baba yako amepita sasa hivi kutoka kwenye kahawa, amejaa harufu ya maua. Ameuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia orodha ya vitu vyako. Amesema usisahau kumwandikia habari za begi.

Nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa pembeni, nitakwambia usiifungue mpaka upite Songea. Utakapoisoma utakuwa mbali, hutaweza kushuka. Huenda ukacheka. Huenda ukakasirika, na una haki, kwa sababu kilikuwa chako na nilikishika bila ruhusa. Ukikasirika, usisubiri hasira ipoe ndipo unipigie ukaniambie kwa adabu kwamba haina neno. Nipigie ukiwa nayo vilevile, hapohapo ndani ya basi. Simu nitakuwa nimeichaji, na nitapokea.

Mama yako